Mkia wa Shati la Onni

Hilja Kangas alikuwa msahaulifu wa kutisha. Alisahau birika jikoni mpaka likayeyuka likabaki mkono tu. Siku moja alimsahau ng'ombe wake kisimani, na ng'ombe akarudi nyumbani peke yake, ndoo mdomoni, maji hayajamwagika. Lakini jambo moja halikumtoka kichwani, jua liwake au theluji ianguke: kipande cha shati la miraba myekundu na myeusi, kilichopigiliwa msumari ukutani katika kibanda cha wawindaji wa kijiji cha Salmela, na chini yake jina lake limeandikwa kwa mkaa.

Kila mtu wa Salmela anaijua sheria ya kibanda. Ukimfyatulia kulungu risasi naye akaenda zake, jioni ile unakatwa mkia wa shati, pale panapochomekwa ndani ya suruali. Anayekukata ni yule aliyekuona ukikosa. Kipande kinapigiliwa ukutani, na hakishuki mpaka huyo aliyekukata naye akose, naye akatwe. Basi. Wazee waliokuja kutoka Finland na shoka moja na mfuko wa shayiri ndio waliotunga mambo hayo, na watu wanaokwepa kodi ya serikali bila kupepesa macho hawathubutu kuukwepa mkasi wa kibandani.

Aliyemkata Hilja alikuwa shemeji yake, Arvid Kangas, kaka mkubwa wa marehemu mumewe. Na shati alilomkata lilikuwa la huyo marehemu. Hapo ndipo palipokuwa na moto.

Onni, mume wa Hilja, alikuwa mkata miti, mrefu kiasi kwamba akisimama mlangoni, waliokuwa ndani walilazimika kuwasha taa. Msonobari ulimwangukia mwezi wa Machi, na walioshuhudia husema msonobari nao haukutoka salama. Hilja aligawa viatu vyake, akagawa makoti yake, akabakiza shati moja la sufu, lile la kuwindia. Hakulifua. Kola ilinuka sabuni ya kinyozi na mikono ilinuka petroli ya msumeno, lakini ule mkia, kwa kuwa ulikaa ndani ya suruali karibu na mwili, ndio uliobaki na harufu ya Onni mwenyewe: tumbaku, utomvu, na jasho la mtu aliyependa kufanya kazi polepole. Novemba ilipofika, Hilja alilivaa shati lile, akachomeka mkia vizuri, akachukua bunduki ya baba yake, akaingia msituni kama mke anayefuatana na mumewe.

Sasa, wawindaji wa Salmela kila mmoja ana namna yake, na ukishawajua huna haja ya kuwaona. Unamtambua mtu kwa mlio wake na kwa nyama anayorudi nayo. Mzee Urho Lampi, mtunza kibanda na sheria zake, hukaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, bunduki kuukuu ya jeshi magotini, na kusinzia. Anakoroma kama dume la kulungu linalotafuta mchumba, kwa hiyo majike humfuata. Mwaka mmoja aliamka akakuta mmoja ameegemea bega lake, akaona haya kumpiga. Reino Saari, fundi wa mabomba, huwinda kwa upinde na mishale. Msimu ukikaribia hagusi sabuni, anajisugua kwa majani ya msonobari, hali kitunguu, halali chumba kimoja na mkewe. Anaifuta harufu yake mpaka mbwa wake mwenyewe akimwona mlangoni hubweka, kisha husogea kumnusa, kisha hubweka tena.

Arvid ni mtu wa vifaa. Bunduki mpya kila ukiangalia, juu yake darubini ya kuonea viroboto, mfukoni chupa ya mkojo wa kulungu jike wa kuvutia madume, wa kununua dukani, na juu ya mti kijumba chenye kiti cha mto na jiko la mafuta ya taa. Akiona pembe, anafyatua. Hatazami shingo, hatazami tumbo, hangoji mnyama ageuke. Na akikosa hakuna anayejua, maana yuko huko juu peke yake. Atashuka na kusema alikuwa anajaribu risasi mpya.

Hilja huenda kwa miguu. Hatua moja, kisha anasimama mpaka theluji imjae kofiani na ndege waanze kutua juu yake. Bunduki ya baba yake haina darubini. Ni ile ya kuchezesha mkono wa chuma kwa chini ili risasi nyingine ipande, na risasi zenyewe ni fupi, nene, za madini laini, ambazo mjini hawauzi tena. Hafyatui mpaka sikio la mnyama litulie. Sikio likitulia, mnyama ameamini. Hapo anampiga mara moja, nyuma ya bega.

Ndivyo alivyofanya siku ile. Dume lenyewe lilikuwa na pembe ambazo ndege walikuwa wamejenga kiota ndani yake na bado wanagombania mipaka. Sikio likatulia, Hilja akafyatua. Mnyama akaruka, akavuka kilima akiacha damu yenye povu juu ya theluji. Damu ya povu ni ya mapafu. Mnyama wa hivyo hafiki mbali. Hilja akangoja kidogo, kama baba yake alivyomfundisha, ili mnyama alale afe bila kufukuzwa. Alipokuwa akingoja, ng'ambo ya kilima ukasikika mlio mwingine.

Alipofika alimkuta Arvid amesimama, buti juu ya shingo ya kulungu.

"Umemwona, shemeji? Mlio mmoja tu."

"Huyo wangu, Arvid. Fuata damu yake nyuma, utaona nilipompigia."

"Damu gani?" Theluji ilikuwa inaanguka kama watu wanapasua mito ya manyoya huko mbinguni, na njia yote imekwisha kuwa nyeupe. "Mimi nimesikia ukifyatua, kisha nikamwona huyu anakuja mbio mzima kabisa. Umekosa, mama. Si aibu, bunduki yenyewe ni ya makumbusho."

"Alikuwa anakuja kufa."

"Basi amefia kwangu."

Jioni kibandani Mzee Urho aliuliza kama kuna aliyeshuhudia mtu akikosa. Arvid akainua mkono haraka, kama mtoto anayejua jibu. Hilja akasimama.

"Nikateni nywele," alisema. "Nikateni sketi nikirudi nyumbani. Hili ni la Onni."

"Sheria haichagui kitambaa," alisema Arvid, akicheka, mkasi wa kukatia kondoo umeshafunguka mkononi. "Na Onni angecheka kuliko sisi sote."

Huenda kweli Onni angecheka. Lakini hakuwepo, na ndiyo maana shati halikuwa la kuchekwa. Mkasi ukapita, krach, krach, na Hilja akahisi baridi kiunoni kama mlango uliofunguliwa. Hakulia. Aliutazama ule msumari ukiingia ukutani.

"Utakatwa, Arvid," alisema. "Na mkono utakaokukata ni huu hapa."

"Mimi sikosi, shemeji."

"Utakosa. Tena mchana, watu wakiwa wanakula."

Kilichomwongezea uchungu ni nyama. Kulungu anataka heshima baada ya kufa kuliko kabla. Unampasua palepale, matumbo yakiwa bado yanatoa mvuke. Unapangusa ndani kwa kitambaa kikavu, huoshi kwa maji. Unamtundika kivulini kwenye baridi mpaka nyama ijilegeze yenyewe. Na mafuta yote unayabandua, maana mafuta ya kulungu yanaganda kwenye kaakaa kama umelamba mshumaa. Arvid alimfunga yule dume juu ya boneti ya pikapu akamzungusha baa moja hadi nyingine, kila mtu ashike pembe, joto la injini likimpikia mgongo kwa chini. Nyama ilipoanza kunuka soksi, akampeleka kwa mtengeneza nyama. Na Salmela nzima ilikuwa na banda moja tu la nyama, la Hilja.

"Nifanyie soseji, shemeji. Kichwa nimeshakitoa, kinakwenda kujazwa."

Hilja alimchuna kimya. Kati ya mapafu akaikuta risasi ya baba yake, imetanuka kama uyoga. Ya Arvid ilikuwa pajani, imeharibu nyama na haikuua hata kupe. Akaifuta ile ya kwanza, akampelekea Mzee Urho.

"Naiona, binti yangu," alisema mzee, akiigeuza kiganjani. "Na ninakusadiki. Lakini Arvid atasema umeitumbukiza mwenyewe. Na kitambaa kimeshapigiliwa. Akose, akatwe, ndipo kishuke. Ukuta siwezi kuubembeleza."

Hilja akaitia risasi ndani ya ganda la kibiriti, akarudi nyumbani kunoa visu. Alinoa mpaka kimoja kikakata kivuli chake, akalazimika kukishona.

Tangu hapo kila Novemba Arvid alileta mnyama wake bandani, na kila Novemba Hilja alimlipizia kidogo kidogo. Sarara, ile nyama ya mgongoni laini ambayo wawindaji wengine huifunga kwa kitambaa cheupe kama mtoto mchanga, ya Arvid aliisaga pamoja na shingo na makongoro. Nyama ya kukausha kwa moshi aliibanika kwa kuni za mti unaonuka paka. Soseji alizitia mbegu kali za mreteni mpaka mtu akicheua panya wanahama nyumba. Haikusaidia kitu. Arvid alimwagia kila kitu sosi ya nyanya, akala, akalamba vidole, akasema, "Shemeji, mkono wako hauchachi." Hilja akaona kwamba anapoteza mbegu za mreteni. Kisasi ambacho mwenyewe anakitafuna na kuomba kingine si kisasi.

Akawa anakwenda kibandani na kukitazama kile kipande. Alikatazwa kukigusa. Moshi wa jiko ulikuwa unakipitia, na soksi za watu zilikuwa zinaanikwa kando yake.

Mwaka ule wa mambo, Oktoba ikiisha, alikuwa ndani ya sauna na Saima, mke wa Arvid, kama Jumamosi zote, mvuke umewafunika hata wakawa sauti tu.

"Amenunua bunduki nyingine," ilisema sauti ya Saima. "Anasema inapiga kulungu wa jimbo la jirani bila kuvuka mpaka."

"Na kile kichwa bado mnacho?"

"Kwani kitakwenda wapi? Kiko juu ya kitanda changu, mwenzangu. Asubuhi nikifumbua macho kinanitazama kabla ya mume. Nakifuta vumbi, nakichana ndevu, yale macho ya kioo nayang'arisha kwa siki. Arvid mwenyewe sijawahi kumfanyia hivyo."

"Niazime."

"Ukipeleke wapi?"

"Kikapunge hewa kidogo."

Saima alimwagia maji mawe ya moto, yakapiga kelele, akangoja yanyamaze. Alikuwa na akili, Saima. Alijua kichwa kile ni cha nani. Ndiye aliyefua damu kwenye suruali ya Arvid mwaka ule Hilja alipokatwa shati, na alikuwa ameuliza ni nani hasa aliyemwua kulungu, akaambiwa anyamaze.

"Kichukue," alisema. "Wiki ya ufunguzi yeye analala kibandani, hatajua. Lakini nina sharti."

"Sema."

"Kisirudi kwangu."

Hilja akaanza kazi bandani, mlango umefungwa. Alichukua kiunzi cha miguu minne cha kupasulia kuni, akakijaza nyasi kavu ubavuni, akakivika ngozi ya jike ambaye Reino alimpiga kwa mshale mwanzoni mwa Oktoba. Akaishona kwa uzi wa soseji. Mbele akakifunga kichwa cha lile dume, macho yakimetameta kwa siki ya Saima. Nyuma aliweka mkia mweupe na kuufunga uzi wa kuvulia samaki, mrefu. Akarudi nyuma akamtazama mnyama wake. Alikuwa na kichwa cha mfalme na kiuno cha msichana. Hata kipofu angemgundua kwa kumpapasa. Lakini Hilja hakuwa anamtengenezea kipofu. Alikuwa anamtengenezea Arvid.

Kijibao cha shaba, ambacho Arvid alikuwa amekichongesha jina lake na kukigongomea chini ya kichwa, hakukitupa. Alikining'iniza shingoni kwa mnyama kama kengele.

Siku ya ufunguzi, kabla Arvid hajapanda mtini, Hilja alimvuta mnyama wake kwa kibao cha kuteleza hadi ukingoni mwa uwanda unaotazamana na kijumba, akamsimamisha kati ya vichaka vya mbetula vinavyomfika tumboni, akamtupia shuka jeupe juu. Ukimtazama ulidhani ni theluji imelundikana. Kisha akaenda kupika.

Mchana Mzee Urho na Reino walimkuta amekaa nyuma ya jabali lililo kando kabisa ya uwanda, jabali kubwa kuliko kanisa na imara kuliko waumini wake. Alikuwa na sufuria ya mojakka, ule mchuzi wa nyama ya kulungu na viazi, na uzi umezungushwa kidoleni.

"Dada Hilja, mbona leo unatulisha porini kama mbwa?" alisema Reino.

"Kaa ule. Kichwa kisitokeze upande ule."

"Mimi nikikaa juu ya jiwe la baridi naota mkia," alisema Mzee Urho.

"Vizuri. Leo mikia inahitajika. Chungulieni kwa hapa pembeni."

Akavuta kamba ya shuka. Shuka likaanguka. Mzee Urho aliacha kijiko hewani.

"Dume," alinong'ona. "Mama yangu, dume."

"Tazama vizuri, mzee."

Mzee akatazama, akitafuna polepole. "Ana pembe za dume," alisema, "na makalio ya jike."

"Na kibao shingoni," alisema Reino, mwenye macho ya upinde. "Hilja. Yule si ndiye…"

"Kula, Reino. Mchuzi unapoa."

Akavuta ule uzi mdogo. Mkia mweupe ukanyanyuka, ukashuka.

Mlio wa bunduki mpya ya Arvid ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kule kijijini watu watatu walifungua milango kuona nani anabisha. Mnyama hakuanguka. Alipunga mkia. Mlio wa pili; manyoya yakaruka mgongoni, mnyama akapunga mkia. Mlio wa tatu ukamng'oa sikio, likazunguka angani na kutua kichakani, na mwenye sikio hakuonekana kulihitaji. Reino alikuwa ameuma kofia yake. Mzee Urho alikuwa anakula mfululizo, machozi yakiingia kwenye mchuzi.

"Kwa nini haangalii?" alinong'ona mzee. "Ana darubini ile yote."

"Darubini yake inaonyesha pembe tu," alisema Hilja. Uso wake haukuwa unacheka hata kidogo. Alikuwa anahesabu milio kwa masikio.

Arvid alipiga mpaka bunduki ikanyamaza, akajaza, akapiga tena, kisha akashuka ngazi kwa kuteleza na kuja mbio katikati ya uwanda akipiga huku anakimbia, kila risasi ikitoboa anga mahali pake. Alipokuwa karibu kiasi cha kumtemea mnyama mate, alipiga ya mwisho kifuani. Nyasi zikamwagika.

Hapo ndipo Arvid Kangas alipomtazama kulungu kwa mara ya kwanza. Aliona nyasi. Aliona uzi wa soseji. Aliona macho ambayo kwa miaka yote yalikuwa yanamtazama kitandani. Akasoma kibao, midomo ikitembea.

Hilja akatoka nyuma ya jabali na sufuria mkononi.

"Umempata, shemeji?"

"Nani kafanya upuuzi huu?"

"Jibu kwanza," alisema Mzee Urho, akijifuta ndevu na kuvaa ule uso wake wa sheria. "Tumesikia milio. Milio mingi, Arvid, nilidhani vita vimerudi. Umempata au umemkosa?"

Arvid alimtazama mzee, akamtazama Reino aliyegeuka kutazama ndege ambao hawakuwepo. "Nimempata," alisema. "Tazameni matundu. Sikukosa mimi."

"Kweli kampata," alisema Hilja. "Sitamnyima haki yake. Basi andika, mzee, kwamba Arvid kamwua kulungu huyu leo."

"Nimwue vipi?" Arvid alipandisha sauti. "Huyu si amekwisha kufa? Kulungu aliyekwisha kufa unampigaje ukasema umeua?"

Reino na Mzee Urho wakageuka kumtazama. Hata mkia ule, ambao Hilja alikuwa bado ana uzi wake kidoleni, ulinyanyuka kidogo kusikiliza.

"Rudia hapo," alisema Hilja.

Arvid alikuwa ameshayasikia maneno yake mwenyewe. Alifunga mdomo, lakini Mzee Urho alikuwa na masikio mema mchana.

"Kasema risasi ya pili kwa kulungu aliyekwisha kufa haihesabiki," alisema mzee. "Mimi nimemsikia. Reino umemsikia?"

"Nimemsikia. Hata huyu mwenye sikio moja kamsikia."

Hilja alitoa ganda la kibiriti mfukoni, akaitua ile risasi nene kwenye kiganja cha Arvid, akakikunja kiganja chenyewe juu yake, kidole kwa kidole.

"Huyu nilimwua mimi mara ya kwanza," alisema. "Wewe umemwua mara ya pili, shemeji. Kama kawaida yako."

"Ni mchezo huu. Mchezo hauna sheria."

"Sheria haiulizi nani kacheza," alisema Mzee Urho. "Sheria inauliza: umefyatua? Umefyatua. Nyama iko wapi? Mimi naona nyasi. Twende kibandani."

Shati la Arvid lilikuwa jipya, la rangi za majani na magome ya miti, mifuko kila mahali, hata makwapani. Aliligeuzia mgongo jiko na kusema asikatwe sana, lilikuwa zawadi. Mzee Urho akamletea Hilja mkasi wa kondoo. Hilja akausukuma pembeni, akatoa kisu chake cha kuchunia.

Alikata polepole, jinsi anavyochuna, bila kuharibu. Alianzia kwenye pindo akapanda. Alipita kiunoni. Alipita mbavuni.

"Hilja, inatosha," alisema Arvid.

"Bado."

"Wengine mnawakata upana wa kiganja tu."

"Onni alikuwa mrefu, shemeji. Simama wima."

Alipomaliza, Arvid alikuwa na kola, mikono miwili, na mifuko ya mbele. Kipande kilipigiliwa mkabala wa mlango, kipana kama pazia, na Mzee Urho aliandika jina kwa herufi kubwa ambazo mtu mwenye haraka hawezi kuziruka. Kisha akang'oa ule msumari wa zamani, akamkabidhi Hilja kitambaa chake.

Hilja alikwenda nacho nje, nyuma ya kuni. Akavua glavu. Akakiweka usoni.

Kilinuka moshi. Kilinuka soksi za Reino, vitunguu, mafuta ya bunduki, panya. Alivuta pumzi tena kwa upande wa pili, pale pindo lilipokunjwa, akaufungua mkunjo kwa ukucha. Kilinuka moshi. Onni alikuwa ameondoka humo, siku gani hakuna aliyejua, watu wakiwa wanacheza karata chini yake.

Alikaa pale mpaka kofia ikajaa theluji. Waliomwona akirudi ndani walidhani ameshashiba kisasi. Walikosea.

Kipande alikishonea mahali pake kwa uzi mweusi, mishono mikubwa, ionekane kama kovu, na shati hilo hulivaa kila Novemba, mkia nje. Kichwa hakikurudi kwa Saima. Sharti ni sharti. Kiko bandani kwa Hilja, sikio moja, tundu puani, kimetundikwa juu ya meza ya kuchinjia, na kibao cha shaba kinasuguliwa kila wiki. Na kwa kuwa Salmela haijapata banda jingine la nyama, na Arvid hajui kupasua hata kuku, kila mwaka lazima aje, amburute mnyama wake sakafuni, asimame kofia mkononi chini ya yale macho ya kioo.

Hilja huwa hana haraka. Huosha mikono. Huijaribu ncha ya kisu kwenye kucha. Watu wenye nyama zao husogea karibu, maana wanajua kinachofuata, na wengine hawana hata nyama, wamekuja tu.

"Huyu nani kamwua, shemeji?"

"Mimi, Hilja."

"Mara ya ngapi?"

Na mpaka Arvid ajibu "ya kwanza", kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, kisu hakigusi ngozi. Sarara yake bado inasagwa.